Dola Ndani ya Farofa

Alhamisi, 9 Januari

Tainá amelamba dola ishirini sasa hivi. Ameilamba upande mmoja, akaigeuza, akalamba wa pili, kisha akang'ata pembe na kuitafuna taratibu, macho ameyafumba, kama bibi yake akila samaki. Nimemfungua mdomo kwa kidole. Pembe haipo. Imeshuka. Mwanangu ana mwaka na miezi minane na tayari ana pesa za kigeni tumboni, wakati baba yake hajawahi kuzishika.

Kosa ni langu, kidogo. Dola nimezificha kwenye kopo la farofa. Mwizi gani wa hapa São Vicente atapekua unga wa muhogo uliokaangwa na siagi na vipande vya kuku? Hilo nililiwaza. La Tainá sikuliwaza. Huyu akinusa farofa hata usingizini huamka.

Kesho tunapanda meli pale Santos. Mama mkwe wangu, Dona Odete, anatimiza miaka sabini, na wifi yangu Rosimeire amelipa tiketi za wote, kwa reais, pesa ya kwetu Brazil, kwa awamu kumi na mbili. Hatuachi kukumbushwa. Edvaldo, mume wangu, hakupewa likizo, analinda mlango wa ghorofa moja kule Gonzaga. Kwa hiyo tunakwenda wanawake watatu na Tainá.

Sasa sikiliza, ewe daftari. Meli inatoka Brazil, inazunguka Brazil, inarudi Brazil. Abiria Wabrazili, maharage ya Brazil. Lakini ndani kila kitu kinauzwa kwa dola! Maji, dola. Kahawa, dola. Na kuna pesa ya huduma inakatwa kila siku, upende usipende. Ukilipia kwa kadi ya benki, benki inakata ada yake, serikali inaongeza kodi yake, na bei ya dola wanajipangia wenyewe. Edvaldo anasema ndivyo dunia ilivyo. Mimi nasema labda dunia ya wenye kadi.

Mimi sina kadi. Rosimeire ameandikisha ya kwake kwa ajili yetu sote: deni lolote la meli linakatwa humo. Jumapili, mbele ya familia nzima, sahani ya makaroni mkononi, alinitazama akasema:

"Wifi, ukishuka kwenye meli bila hata dola moja kukatwa kwenye kadi yangu, nakusainia udhamini palepale mezani."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Tumepata nyumba ya kupanga Vila Margarida, vyumba viwili na uwanja wenye mpera. Mwenye nyumba anataka mdhamini mwenye mali, karatasi iwe mkononi mwake Jumanne, la sivyo anampa mpwa wa muuza nyama. Katika ukoo huu mwenye mali ni Rosimeire tu. Sisi tunalala watatu kitanda kimoja nyuma ya jiko la mama mkwe. Tainá amejifunza kutembea kati ya kitanda na friji. Hata tukiwa ufukweni, akipiga hatua nne anageuka. Anadhani dunia imeishia hapo.

Nina dola themanini, noti nne safi. Tatu safi. Nimezinunua kwa mteja wangu ninayempaka kucha, alizorudi nazo kutoka safarini, kwa bei ya gazetini bila nyongeza. Ukiweka dola taslimu kwenye hesabu yako ya meli, hakuna benki, hakuna kodi, hakuna Rosimeire. Sikufika darasa la nane, lakini hili nimelitunga peke yangu.

Ijumaa, 10 Januari

Tuko ndani! Kopo limepita!

Bandarini mlinzi alilitoa kwenye begi la nepi, akauliza ni nini. Nikasema chakula cha mtoto. Akasema mtoto gani anakula hivi. Tainá akajibu kwa kutumbukiza mikono miwili koponi, farofa mpaka kifuani. Mlinzi akafunga kopo mwenyewe na kutuombea safari njema. Rosimeire alisimama mbali akijifanya hatujui.

Kisha pigo. Karibu na mapokezi kuna mashine ya kuwekea pesa. Nikaingiza noti ya kwanza, ikatemwa. Ya pili, ikatemwa. Ya tatu ilitemwa kwa kelele. Siagi! Dola zimelala kwenye farofa usiku kucha, zinang'aa kama chapati. Nyuma yangu foleni. Bwana mmoja akasema harufu yake inamtia njaa.

Nikarudi kabini. Nikaziosha kwenye sinki kwa shampuu ya Tainá, ile isiyochoma macho. Nikazitundika kwa vibanio vya nywele kwenye kamba ya bafuni. Rosimeire akaingia kuomba dawa ya kichwa, akazikuta zinadondosha maji. Halafu akaniuliza kama nitazipiga pasi au nitazivaa hivyohivyo. Nikamwambia acheke leo, Jumatatu zamu yangu.

Nikazikausha kwa mashine ya nywele. Nikarudi. Mashine ikameza noti tatu moja baada ya nyingine, kwa adabu. Ya nne, ile iliyong'atwa pembe, iliikataa. Nikaipindua, nikaibembeleza. Dada wa mapokezi akanieleza kwa upole kwamba hata yeye hawezi kuipokea, maana kipande kimepungua. Nikamwambia kipande kipo, kinatarajiwa kesho asubuhi. Hakuelewa. Afadhali.

Basi nina sitini. Pesa ya huduma itakula karibu zote. Nisinunue kitu, nimeshinda.

Jumamosi, 11 Januari, Búzios

Tainá amefungua friji ndogo ya kabini. Niligeuka kuvaa kiatu tu. Amekula chokoleti nzima na nusu ya kopo la korosho, korosho zilizobaki amezipanga juu ya mto moja moja. Niliposoma bei niliketi sakafuni. Pamoja na pesa ya huduma, nimezidi ile sitini! Si sana. Lakini Rosimeire alisema hata dola moja.

Wenzangu wameshuka kwa boti kwenda ufukweni, mimi nimebaki kuwaza. Rosimeire ameondoka na kinywaji chenye mwavuli, cha pili tangu kifungua kinywa. Anagusa mashine kwa kadi ya meli, ile tuliyopewa kila mmoja ya kulipia, anasema ni mara moja tu. Kagusa kwa kukandwa mgongo. Kagusa kwa kofia. Kadi yake, benki yake. Mimi kazi yangu ni kutazama na kukumbuka.

Jioni tukamwimbia mama mkwe. Mpiga picha wa meli akapita wakati Tainá anambusu bibi yake, shavu lote limejaa krimu ya keki, Dona Odete amefumba macho kama msichana. Picha wameitundika ukutani pamoja na mamia mengine. Inauzwa kwa dola, na bei yake ni ya mtu asiyejua bei ya nyanya.

Mama mkwe alikwenda kuitazama. Baadaye akasema anakwenda chooni, nikamkuta yuko palepale. Nikasimama karibu naye. Picha zake zote zilikwenda na mafuriko, hata za harusi, hata za Edvaldo akiwa mdogo. Akanishika mkono akasema:

"Acha tu, binti yangu. Nimeiona, inatosha."

Haitoshi. Hii picha inashuka na sisi. Na mpera ninaupata. Vyote viwili. Sijui bado kwa njia gani. Njia inakuja, naisikia inakuja.

Jumapili, 12 Januari, Ilhabela

USHINDI! Ninaandika kwa mkono wenye rangi ya kucha mpaka kwenye kiwiko.

Asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya mayai. Mbele yangu mzee mmoja wa Jundiaí, mzee Ademar, ananung'unika. Wakala wa safari alimpa zawadi ya dola za kutumia ndani ya meli. Hazigeuzwi kuwa pesa taslimu, na kesho akishuka zinayeyuka. Yeye hanywi pombe, hachezi bingo, na mkewe Cleonice yuko kitandani tangu Santos, kwa kichefuchefu. Alisema amezunguka meli nzima akitafuta kitu cha kununua, akapata kishikio cha funguo.

Nikamwambia: mzee wangu, wewe ninunulie picha kwa dola zako zinazokufa, mimi nakutumia reais kwa simu, kwa Pix, kwa bei ya gazetini. Hakuna benki, hakuna kodi. Alinitazama juu mpaka chini akauliza nimesoma wapi uchumi. Nikasema kwenye kucha za watu.

Shida ikawa Pix. Kutumiana pesa kwa simu kunataka mtandao, na mtandao wa meli nao ni dola! Lakini tulikuwa tumetia nanga mbele ya Ilhabela, na kwenye kona ya staha ya juu, nyuma ya slaidi ya watoto, mawimbi ya simu ya nchi kavu yanafika ukiinua mkono. Nikampigia Edvaldo. Akauliza picha gani ya bei hiyo. Nikamweleza mama yake alivyosimama pale ukutani. Pesa ikaingia papo hapo, nikamrushia mzee Ademar, naye akaenda kununua picha.

Halafu nikaenda kumwona mkewe, maana mume akisema mkewe mgonjwa, basi ni mgonjwa kweli. Nilimkuta mama wa watu analia zaidi kwa kucha zake kuliko kwa tumbo: saluni ya meli imemtajia bei, kichefuchefu kikazidi. Begi langu la kazi ninalo siku zote. Nilimpaka rangi ya samli, mkono na mguu, Tainá akimpulizia vidole. Akakaa. Akaomba supu. Akanilipa noti ya dola ishirini, mpya, ina pembe zote nne!

Nilikimbia. Mashine ikaimeza kabla sijaisukuma.

Hapo kazi ingekwisha. Lakini mzee Ademar ana mdomo. Kufika saa ya chakula, kila mwenye dola za zawadi ananitafuta, na kila mwenye hofu ya kadi ananitafuta pia. Huyu ana zawadi hataki kitu, yule anataka kitu hana zawadi. Nawakutanisha nyuma ya slaidi, mikono juu, Pix inakwenda, kadi ya meli inaguswa, kila mtu anacheka. Mama mmoja wa Sorocaba akanibusu kichwani. Sikuchukua hata senti, ila juisi ya chungwa. Baridi! Na mrija!

Rosimeire alikuja mwisho, amevaa miwani ya jua. Akauliza, huku akitazama bahari, kama nina mtu wa kulipia kule kukandwa. Nikamwambia wifi, hicho ulishakigusa. Kilichoguswa hakigusiki tena. Sijawahi kula chakula cha jioni kitamu namna ile.

Jumatatu, 13 Januari, Santos

Tumefika. Tunasubiri rangi ya kundi letu iitwe ili tushuke. Tainá amelala miguuni mwangu, ameshika kiatu cha bibi yake.

Asubuhi karatasi za hesabu zilikuwa mlangoni. Yangu: sifuri! Imebaki hata dola moja na ushei, nimerudishiwa mapokezi kwa sarafu. Ya Rosimeire ni ndefu, imekunjwa mara mbili. Aliisoma mpaka mwisho, akaanza tena juu.

Nikaweka karatasi ya udhamini mezani, kati ya papai na jibini. Dona Odete akaweka picha yake kando yake, imefungwa kwenye taulo la Tainá isikunjike. Alikuwa amelia tayari. Akamwambia bintiye:

"Ulisema palepale mezani. Hii ni meza."

Rosimeire akasaini. Kisha, bila kunitazama, akasema mtu mmoja kuendesha siku nne kwa dola zisizofika themanini si mchezo, na kwamba yeye asingeweza. Wifi yangu! Nilitaka kumkumbatia, nikampa korosho zilizobaki.

Karatasi iko ndani ya sidiria yangu. Kesho Tainá atapiga hatua ya tano, ya sita, ya kumi, mpaka kwenye mpera.

Sasa lile dogo ambalo sijamwambia mtu. Jana baada ya chakula dada mmoja wa meli aliniita mezani kwake. Ukikata tiketi ya safari ya mwakani ukiwa bado ndani, kwa kila chumba unapewa dola hamsini za zawadi. Zawadi! Zile zile zinazoyeyuka, ambazo mimi peke yangu katika Brazil nzima najua kuziuza. Nikachukua vyumba vitatu. Amana ni dola mia tu kwa kila chumba. Haiingii kwenye hesabu ya meli, inakwenda moja kwa moja kwenye kadi iliyoandikishwa, kwa hiyo sifuri yangu ni sifuri halali. Nikagusa, basi. Na amana si matumizi, kwa hiyo nadhani haina ada wala kodi, sikuuliza nisimchoshe. Bili ya kadi ya Rosimeire inakuja mwezi ujao. Mpaka hapo nitakuwa nimewauzia watu wa Jundiaí vyumba viwili, hamsini mara tatu nimezigeuza, na wifi atashangaa faida ilivyo

Simu zimeanza kulia ukumbi mzima, mtandao umerudi. Ya Rosimeire nayo imelia. Sasa ameivua miwani. Benki siku hizi wanatuma ujumbe papo hapo, kumbe, hilo sikulijua, lakini lina njia yake, nitamwambia kwamba zile mia tatu kwa kweli ni kama akiba, na tena safari ya mwakani dola tuzifiche kwenye mchele, mchele hauna siagi, halafu tukifika pale kwenye mashine tu

Ananiita. Kwa jina langu lote, Gislaine Aparecida da Conceição, mbele ya watu, na mama mkwe naye amegeuka, na Tainá anaamka, ngoja nimjibu kwamba kwanza kabisa ile amana