Sura Yangu Madhabahuni

Jumatatu, 8 Septemba 1980. Sham Shui Po.

Leo nimeula! Filamu yetu ni ya mjane anayeona mizimu, ila mwongozaji Szeto, aliyesomea ng'ambo, anasema mizimu yote imo kichwani mwa mjane. Haya. Mizimu na isiwepo, lakini picha ya marehemu mume lazima ikae madhabahuni, na waigizaji wote wamekataa kutoa sura zao. Nuksi, wanasema. Nani afukiziwe ubani angali hai? Mimi nikapiga hesabu. Miaka nenda miaka rudi kazi yangu kwenye filamu ni kupita nyuma ya waigizaji nimebeba kapu. Picha hiyo itaonekana karibu kila tukio! Biu, mwenzangu wa kupita nyuma, kapewa sentensi moja na tayari anatembea kifua mbele. Nimejitolea.

Alhamisi, 11 Septemba

Tumepiga tukio la madhabahu. Mjane amelia mbele ya sura yangu mpaka kamasi. Hakuna mwanamke aliyewahi kunililia hivyo. Nikasimama pembeni nikijitazama: fremu nyeusi, machungwa, moshi. Nikawaza, siku ikifika kweli, nani atayapanga machungwa hayo? Sina mke. Nina Mama tu, na presha yake. Wazo baya. Nikalisukuma kwa chai.

Kisha meneja akaniletea bahasha nyekundu yenye pesa za kuondoa nuksi, kama ilivyo desturi. Nikaikataa mbele ya Szeto, nikasema mimi mtu wa kisasa. Akanipiga bega! Biu kaninong'oneza kuwa mimi juha, maana hata Szeto alitoa nguruwe wa sadaka kabla ya kuwasha kamera. Wivu tu.

Jumamosi, 8 Novemba

Balaa! Nilimwambia Mama nimeigiza mume. Si uongo. Akavaa koti lake la harusini, tukaenda sinema kwa onyesho la kwanza, tukaketi mbele. Watu wanazomea kama kawaida yao. Mara sura yangu ikatokea, kubwa kama ukuta, moshi unapanda. Mama akasimama. Akaita kwa sauti ile anayoniitia ngazini: we Shing, shuka hapo, njoo ule! Nami nimekaa kando yake. Nikamvuta mkono, hakuniona. Ukumbi mzima kimya. Niliogopa, sifichi.

Nje akauliza jambo moja: bahasha niliichukua? Nikatikisa kichwa. Akanizaba kofi, kisha akanikumbatia mbele ya wauza ngisi. Nyumbani kaniogesha kwa maji ya majani ya balungi ili kuosha nuksi, mtu mzima na mvi zangu, huku analia. Nimemwapia: sichezi maiti tena. Nampenda mama yangu, na leo nusura nimuue.

Jumatatu, 10 Novemba

Mama hajambo, amekunywa uji. Szeto kapiga simu dukani chini. Kumbe alikuwemo ukumbini, na anasema kimya kile hajawahi kukipata kwa kamera. Anataka mtu wa kulala jenezani, filamu ijayo nzima. Nikakataa. Kiapo ni kiapo! Akasema basi atampa Biu.

Biu!

Nimemwambia Mama kuwa safari hii naigiza mtu aliyelala usingizi. Amefurahi, maana siku zote husema sipumziki. Keshawaalika dada zake wote.