Amerikani Haipasuki

Alhamisi, tarehe 1 Julai 1954, Kisangani

Leo nimeahidi kitu. Mdomo wangu huu! Na nilikwenda kununua uzi tu.

Papa Abdulhamid ana duka karibu na soko la Tshopo. Babu yake aliuza kitambaa cha amerikani, baba yake aliuza amerikani, na yeye anauza amerikani: kile cheupe, kizito, kisicho na maua. Humwambia kila mteja neno lake lile lile, eti amerikani haipasuki. Leo akinipimia uzi akashusha pumzi. Akasema amekata kitambaa cha Waamerika tangu utoto, na hajapata kumwona hata mmoja wao kwa macho. Anatamani sana amshike Mwamerika mkono kabla Mungu hajamwita.

Nyuma ya pazia alikuwa Safi, binti yake. Nilisikia bangili. Mimi nataka kumwoa Safi. Mtaa mzima unajua, isipokuwa papa yake. Basi donc nikasikia mtu anasema: papa, usihuzunike, Jumapili nitakuletea Mwamerika ale chakula kwako. Mtu huyo alikuwa mimi.

Mzee alinishika mabega. Aliniita mwanangu. Mwanangu! Kutoka mwana hadi mkwe si mbali.

Tatizo moja dogo: simjui Mwamerika yeyote.

Ijumaa, tarehe 2 Julai

Mungu hamtupi fundi cherehani. Nimetoka msikitini, nimekaa kwenye cherehani yangu barazani, nani anakuja? Bwana Gagnon, yule muzungu wa mitambo kwenye barrage, bwawa la umeme la Tshopo. Amekuja kuchukua suruali.

Huyu anasema Kifaransa cha ajabu. Gari anaiita "char", na kwa Wabelgiji char ni kifaru cha vita. Juzi aliponiambia char yake imeharibika, nilitoka mbio kutazama vita. Na vipimo vyake alinipigia kelele kutoka dirishani mwa gari, hakuwa na wakati wa kushuka. Kiuno: quatre-vingt-dix, kumbe ndiyo tisini yao. Bon. Hapa kwetu tisini ni nonante, ndivyo tulivyofundishwa na Wabelgiji. Mimi nikasikia quatre-vingt, themanini. Halafu dix, kumi. Nikashona kiuno themanini na upindo kumi. Upindo ule unaweza kuficha kuku.

Akavaa. Akameza tumbo. Akafunga kifungo. Uso ukawa kama mafuta ya mawese. Nikangoja matusi. Akaniomba pardon! Eti tumbo lake limezidi, nimsamehe. Nikageuka nyuma kutazama anasema na nani. Tangu nizaliwe, muzungu hajaniomba pardon kwa tumbo lake.

Nikamwuliza ametoka wapi, maana Mbelgiji si yeye. Kanada. Ndiyo wapi? Akachukua chaki yangu, akachora juu ya meza: hapa chini Amerika, hapa juu Kanada. Zimegusana! Nikaruka. Alors, nikamwambia, wewe ni Mwamerika. Akasema hapana. Nikamweleza polepole: Kanada kwa Amerika ni kama Maniema kwa Kongo. Akasema pardon, lakini hapana. Waamerika walimfukuza mfalme wao kwa bunduki. Wao, Wakanada, walibaki naye, na siku hizi ni malkia. Jana ilikuwa sikukuu ya nchi yao. Nikauliza walipigana na nani. Hawakupigana na mtu. Waliandika, wakajibiwa.

Waliandika, wakajibiwa! Mimi nikiomba karatasi ya kwenda Isangi kumzika mjomba nagombana na madirisha matatu ya ofisi.

Bon. Nikamwambia shida yangu yote, Safi, mzee, Jumapili. Akakataa. Akanitazama usoni. Akaomba pardon kwa kukataa. Akaenda hadi kwenye gari, akarudi. Akasema sawa, atakuja. Uongo hatasema, ila atanyamaza. Mkanada akikaa karibu na Mwamerika, alisema, kunyamaza ni kazi aliyoizoea.

Nina Mwamerika!

Jumamosi, tarehe 3 Julai

Shetani ana lori, na jina lake ni Kasongo. Huyu dereva anajiona sana kwa sababu ya kofia yake, na yeye pia anamtaka Safi. Sasa amepata kazi kwa Mwamerika wa kweli kabisa, bwana Harper, anayetafuta okapi, mnyama wa msitu wetu, wa kupeleka kwao watu wakamtazame. Na Kasongo naye ameahidi kumleta Jumapili! Papa Abdulhamid alinipa habari na machozi ya furaha. Wawili! Ameagiza mbuzi.

Kasongo alinikuta sokoni, akaniuliza Mwamerika wangu ni wa upande gani. Nikamjibu wa juu. Akacheka kwa pua.

Mchana kutwa nimemfundisha bwana Gagnon. Cheka kwa sauti. Piga watu mgongoni. Kila kitu sema kwenu ni kikubwa zaidi. Akajaribu kunipiga mgongoni, nikadhani ni nzi. Halafu, pardon. Nikamwambia tena, kwa nguvu! Akasema labda tukizoeana.

Suruali bado inambana. Nyingine aliyo nayo imejaa mafuta ya mashine. Nikamwambia akae wima, asicheke sana, kiuno nitakipanua Jumatatu.

Jumapili, tarehe 4 Julai

Naandika upesi kabla sijasahau.

Mbuzi, wali, sombe ya majani ya muhogo, liboke ya samaki ndani ya majani. Papa Abdulhamid amevaa kanzu ya Idi. Bwana Harper anaingia, mrefu kama mlango, anamshika mzee mkono na kuutikisa mpaka kofia inaanguka. Anacheka. Anapiga watu mgongoni. Anasema mto wetu ni mzuri, kwao kuna mkubwa zaidi. Kila nilichofundisha jana, huyu anafanya bila mwalimu! Mzee anang'aa. Kasongo ananitazama na kutafuna.

Bwana Harper anasema Kiingereza tu. Gagnon anakigeuza Kifaransa. Mimi nakigeuza Kiswahili. Harper akasema leo ni sikukuu kubwa ya kwao. Mzee akauliza sikukuu ya nini. Jibu likaja: siku tuliyomkataa mfalme, tukamfukuza kwa bunduki. Nikatafsiri, mjinga mimi. Shangazi Fatouma, dada ya mzee, akaondoka taratibu akafunga dirisha. Katika mji huu wa mfalme wa Wabelgiji maneno kama hayo hayasemwi dirisha likiwa wazi.

Mzee akamgeukia Gagnon. Na wewe, mgeni, vipi na mfalme? Nikamkanyaga mguu. Bure! Alisema hatasema uongo, na kunyamaza akasahau. Akajibu kwa heshima kwamba wao wana malkia, Elizabeti, anakaa ng'ambo. Wengine kwao wanamnung'unikia, lakini yeye hana neno naye, ingawa hawajapata kuonana.

Jasho! Nikatafsiri: ana bibi wa ndoa, anaitwa Elizabeti.

Mzee akafurahi sana. Bibi yuko wapi? London. Hamjaonana tangu lini? Tangu kuzaliwa. Mzee akaweka mkono kifuani. "Pole, mwanangu. Tuma nauli, aje. Mwanaume hapana kukaa vile." Kasongo, ambaye Kifaransa anakijua kidogo, akapaliwa na sombe.

Hapo Harper akamwuliza Gagnon jambo kwa Kiingereza. Gagnon akajibu chini chini. Nikasikia neno Kanada. Harper akapiga kelele ya furaha, akampiga mgongoni. Lile pigo! Akasema maneno mengi, kwa moyo mweupe, nilimwona, kama mtu anayetoa zawadi. Gagnon hakutafsiri. Baadaye ndipo nilipojua: Mkanada na Mwamerika ni kitu kimoja, Harper alisema, ila nyinyi mko baridi kidogo na polepole kidogo. Siku moja mtapata akili mtaungana na sisi.

Gagnon akaweka kijiko. Nikangoja ile pardon yake. Haikuja! Akasimama ghafla, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti niliyomwomba jana nikaikosa: "Miye hapana Mwamerika! Hapana leo! Hapana kesho!"

Na suruali ikasema praaaa.

Kutoka mkanda mpaka gotini. Hata mbuzi sahanini alikuwa na haya. Papa Abdulhamid akainama, akatazama ule mpasuko kwa jicho la mfanyabiashara. Akasema polepole: "Amerikani haipasuki. Huyu si Amerikani."

Kasongo alianguka na kiti. Mimi nilitamani mto unichukue, unipitishe Isangi bila karatasi.

Kabla mtu hajaomba, Harper alikuwa amevua koti lake akamfunga Gagnon kiunoni. Hajui amekosa nini, lakini koti ametoa. Na Gagnon akarudi kuwa Gagnon: pardon kwa Harper, pardon kwa mzee, pardon kwa kiti. Kisha akaharibu kabisa. Akasema kwa Kiswahili kile kile mzee asinikasirikie, fundi amefanya hivi kwa sababu anampenda mtu wa nyumba hii.

Mzee akauliza: "Mutu gani?" Bangili zikanyamaza nyuma ya pazia.

Nilijua mzee amekwisha kuamua. Sasa ananifukuza. Sasa Safi anapanda lori, anakaa pembeni ya ile kofia maisha yake yote. Niliumia, kweli niliumia.

Pazia likafunguka. Safi akatoka na kipande cha amerikani, akampa Gagnon ajifunge. Akamgeukia papa yake. Akasema kama ni habari ya mume, yeye anataka fundi. Mzee akauliza, huyu muongo? Safi akajibu: "Ndiyo, papa, iko muongo. Lakini hajue kudanganya. Kila mara uongo yake inapasuka mbele ya watu. Ya Kasongo, miye ningejua siku gani?"

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Nikadhani ni hasira. Kumbe kicheko! Alicheka mpaka shangazi Fatouma akampiga mgongoni. Akasema nilete wazee wangu baada ya Idi kubwa. Na nimshonee mgeni suruali nyingine, ya amerikani.

Kasongo alikula sahani mbili, akanipa mkono, akaubana zaidi ya haja. Wale wazungu niliwaacha barazani, wamekaa ubavu kwa ubavu, wanagombana baridi ya nani ni kali zaidi. Harper amevaa shati tu. Gagnon amevaa amerikani.

Safi! Nimelia njiani, siogopi kuandika.

Jumanne, tarehe 6 Julai

Suruali imekwisha. Nimepima mwenyewe, kwa kamba. Gagnon amekaa ndani yake, ameinama, amechuchumaa, haikusema kitu. Akaniomba pardon kwa kelele za Jumapili. Akauliza pia kwa nini shangazi anamwuliza tangu juzi kama Elizabeti amejibu barua.

Nimeapa. Uongo basi. Mtu anayeoa anapata akili.

Jioni shangazi Fatouma amekuja nimpime nguo ya harusi. Alikaa, akanywa chai, akashusha pumzi. Akasema marehemu mama yake alimsimulia sana juu ya Waturuki, kofia zao nyekundu, heshima yao. Ingekuwa fahari gani kwa ukoo, Mturuki mmoja akikaa mbele siku ya harusi!

Niliuma uzi. Nilijitahidi, Mungu anajua.

Nimemwahidi.

Lakini hii haina shida hata kidogo. Kuna Mgiriki anayeoka mikate karibu na bandari, mtu mzuri, ana sharubu tayari. Waturuki anawatukana kila siku, donc anawajua vizuri. Kofia nitamshonea mimi. Nimetazama kwenye ramani ya shule: Ugiriki na Uturuki zimegusana kabisa, tena kahawa yao ni moja. Kesho asubuhi nitakwenda kumwambia awe Mturuki. Nadhani atafurahi.