Tetekuwanga ya Darasa la Tatu

Leo nimeumbuka, na sina wa kumsingizia. Naanza kwa kukiri jambo nililolikana kwa miaka mingi mbele ya mume wangu, walimu na mama mkwe: huwa nampa mtoto dawa ya homa saa kumi na mbili asubuhi, namvalisha vizuri, halafu namkabidhi shuleni kama mtoto mzima wa afya. (Nina digrii mbili. Nazitaja ili mjue hazisaidii.)

Nieleweni kidogo. Nina watoto watatu, na wanaugua kwa zamu kama walinzi. Mafua. Macho mekundu. Mapunye. Mafua tena. Kwa ajili hiyo nimekosa vikao viwili vya kazi Makambako, na mara ya pili bosi aliniuliza kwa upole, "Dada, hivi hao watoto ni wangapi hasa?" Upole ule ulinitisha. Leo nilitakiwa kuwasilisha mradi wangu mwenyewe. Nisipofika, anapewa mwingine.

Sasa asubuhi namvalisha Upendo, wa darasa la tatu, naona vipele shingoni. Mgongoni vingine.

"Mama, vinawasha."

"Ni mbu hao."

(Mbu! Njombe, mwezi wa saba, umande umeganda kwenye majani! Mbu gani huyo, mwenye koti?)

Kijiko cha dawa. Sweta la shingo ndefu. "Usilivue." Mtoto shule, mimi Makambako.

Na mambo yakaenda vizuri! Niliwasilisha, wakauliza maswali, bosi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wakati wa chai nikafungua simu. Kwenye kundi la wazazi, mwalimu wa darasa alikuwa ameandika: "Wazazi wapendwa, kuna mtoto wa darasa la tatu ameletwa shuleni akiwa na tetekuwanga. Tafadhali wakagueni watoto wenu."

Nilihamaki. Kumbe vile vipele ni tetekuwanga! Na kumbe ndiko Upendo alikoipata! Kuna mama asiye na haya, anajua kabisa mtoto anaumwa, anamleta amwambukize mwanangu!

Chai ikapoa. Niliandika aya tatu. Niligusa ubinafsi, malezi na hofu ya Mungu. Nikamalizia: "Mzazi wa namna hii aitwe leo hii, asimame mbele yetu, atueleze alikuwa anawahi wapi."

Makofi yakamiminika. Baba mmoja akajibu, "Mama Upendo, umesema kweli tupu. Mimi naelekea shuleni sasa hivi." Wengine wakaandika, "Tukutane huko." Nikarudi kikaoni kifua mbele. Muhula mzima sijawahi kujisikia mzazi bora namna ile. (Ilidumu nusu saa.)

Simu ikaita. Mwalimu. Nikatoka nje, nikapokea kwa sauti ya mwenyekiti.

"Kamwene, Mama Upendo."

"Kamwene, mwalimu. Umeusoma ujumbe wangu?"

"Nimeusoma, mama. Na mwalimu mkuu ameusoma. Mara mbili."

"Huyo mzazi mmeshampata?"

Nikasikia kengele ya shule ikigongwa kule kwake.

"Mama, tetekuwanga ni ya Upendo."

"Hata yeye? Watakuwa wangapi sasa?"

"Mmoja. Tumekagua darasa zima. Ni yeye peke yake."

Nilitafuta mahali pa kukaa. Palikuwa na ndoo, nikaigeuza.

"Anaendeleaje?" Swali hilo lilipaswa kuwa la kwanza, najua.

"Hajambo, anakunywa uji. Njoo umchukue, akapumzike wiki hii."

Wiki! Nikautazama mlango wa kikao. Ndani bosi alikuwa anagawa majukumu.

"Nakuja, mwalimu. Kutoka Makambako ni kama saa moja."

"Sawa, mama. Ila ukifika, pitia mlango wa jikoni." Akashusha sauti. "Hapa ofisini wazazi wamejaa. Wanamsubiri huyo mama."