Spana Wakati wa Maombi

Jumatatu, 18 Agosti
Balaa! Tukitoka makambini, kwenye mkutano wa kanisa wa wiki nzima, leo Mama ametangaza kwamba shamba la chai la chini atapewa mtoto aliyetunza kitu cha marehemu baba. Atakikagua Sabato, mbele ya waumini wote wa Gesima. Kitu ninacho! Baiskeli yake nyeusi niliirithi mimi, Onsongo. Ndugu yangu Jethro alijinunulia ya aina ileile, mpya. Nikakimbia kuitazama ya baba. Lo! Kiti kimepasuka, pedali zimebaki chuma, kengele inakohoa. Fundi anataka wiki mbili. Vipuri vizima viko kwa Jethro.

Jumanne, 19 Agosti
Mpango umekaa! Baiskeli zetu tunaziegesha pamoja nyuma ya hema. Mzee Bosire wa kanisa akiomba, huombea mataifa yote, moja moja, na Jethro hufumba macho kwelikweli. Mzee alipofika Ghana, nilikuwa nimeshabadilisha pedali zote. Mama akanisifu: nimeomba mpaka nikatoka jasho.

Jumatano, 20 Agosti
Leo kiti na keria, kile kibebeo cha nyuma. Jethro nimemwachia vile vya zamani. Sina roho mbaya, mtu hawezi kukalia chuma. Ajabu, hakuuliza kitu! Aliikokota baiskeli mpaka nyumbani akitabasamu peke yake. Nimeogopa kidogo.

Alhamisi, 21 Agosti
Kengele ikaniponyoka. Kriiing! Katikati ya maombi! Nikapaza sauti: Amina! Hema zima likaitikia Amina. Mzee Bosire akadhani amemaliza, akaketi. Nikafunga nati ya mwisho watu wakikohoa.

Ijumaa, 22 Agosti
Nimeing'arisha kwa mafuta ya taa. Nimemwambia jirani Masese asifungie tena ng'ombe wake kwenye shamba langu.

Sabato, 23 Agosti
Siamini! Siamini kabisa! Jethro aliomba nafasi ya ushuhuda. Akasema, machozi yakimtoka, kwamba wiki nzima alikuwa akimwomba Mungu apate hata kumbukumbu moja ya Tata, baba yetu. Na maombi yakiisha, anakuta kitu cha Tata kwenye baiskeli yake. Pedali. Kiti. Keria. Kengele! Watu wakalia Amina. Mama akashika kile kiti, akaonyesha kiraka alichokishona kwa mkono wake. Akapapasa keria aliyobebewa siku ya harusi yake. Kisha akanigeukia, akauliza vitu vya baba yangu nimevipeleka wapi.

Nikisema, mimi ni mwizi wa makambini. Nikinyamaza, shamba limekwenda. Nikanyamaza. Roho iliniuma sana, maana kiti hicho nimekikalia miaka yote na kiraka sikukiona.

Jumapili, 24 Agosti
Shamba amepewa Jethro. Masese amecheka mpaka ng'ombe wake wakashtuka. Lakini nimewaza vizuri. Muujiza uliokwenda kwake unaweza kurudi kwangu, na Mama atalia upya. Tena tangu jana Jethro amezidi, anafumba macho muda mrefu hata akiombea chai. Jumatano kuna maombi, na spana iko mfukoni.