Umati wa Bwana Mutalemwa

Kwa heshima na taadhima, umma ulitangaziwa kwamba Jumamosi hiyo, katika ufuko wa Mkolani, historia ingerudiwa rasmi mbele ya Mheshimiwa Nestory. Wananchi wote walikaribishwa. Kwa kuwa tangazo lilitaja saa ya kuwasili kwa Mheshimiwa, lilipigwa muhuri wa SIRI na kufungiwa kabatini.

Aliyelifungia ni Bwana Mutalemwa, Mkuu wa Kitengo cha Maigizo ya Kihistoria, msomi wa Bukoba ambaye hata ufukweni alivaa tai. Si kwamba alikuwa mzembe. Mabango aliyachapisha, tena ya rangi, ila aliyabandika ndani ya ofisi yasije yakanyeshewa. Gari la matangazo nalo lilizunguka Nyakato yote wakati wafanyakazi wako ndani ya viwanda, kwa sauti ya chini, ili lisiathiri uzalishaji.

Pamoja na juhudi zote hizo, watu hawakuwa wakija. Igizo la mwaka uliotangulia lilitazamwa na mbuzi na mlevi mmoja, na mlevi aliondoka kabla ya hotuba. Mutalemwa aliripoti kwamba mwitikio wa sekta ya mifugo ulikuwa wa kuridhisha.

"Wananchi hawa hawana uzalendo," alimwambia Wilhelmina, kiongozi wa kikundi cha waigizaji.

"Lakini bosi, wangejuaje kama kuna igizo?"

"Mzalendo haambiwi, Wilhelmina. Anahisi."

Wilhelmina aliumia moyoni. Kisa walichokuwa wakiigiza alikipata kwa bibi yake. Zamani, bibi alisema, afisa mmoja wa Kijerumani alikamata watu njiani wambebee mizigo. Walipofika ufukweni wakaitua yote, wakageuka, wakaenda zao, wakamwacha na masanduku yake anatazamana na ziwa. Wilhelmina alitaka wajukuu wa wale watu wakione. Mbuzi walikuwa wameshakiona.

Safari hii hata Mutalemwa alikosa usingizi. Mheshimiwa alikuwa amempigia simu mwenyewe. "Nikikuta viti vitupu," alisema kwa upole, "nitakutafutia kituo cha kazi ambacho hata ramani haikijui."

Jumamosi ikafika, na ufuko ukawa mweupe, bila mtazamaji hata mmoja. Hapo ndipo Mutalemwa alipozindua Operesheni Shirikishi ya Kuinua Mahudhurio. Kwa lugha ya mtaani, aliwatuma mgambo sokoni wakakamate watu.

Walikamatwa bodaboda, wauza nyanya, na bwana na bibi harusi waliokuwa wakienda kupiga picha. Alikamatwa pia Mama Getruda, muuza dagaa, akiwa na beseni lake.

"Kwani nimekosa nini, wanangu?"

"Hujakosa, mama. Unahudhuria."

Lori la viti lilikuwa limenasa kwenye tope kule juu, karibu na barabara. Mutalemwa, ambaye hakuwahi kukosa ufumbuzi, akaamuru kila mtazamaji ateremke na kiti chake. Walioonekana wana afya wakaongezewa turubai, spika, na sofa la mgeni rasmi.

"Shikamoo, mama," Mutalemwa alimsalimia Mama Getruda, maana adabu alikuwa nayo.

"Marahaba. Hivi baba, tunapelekwa wapi?"

"Kwenye historia, mama. Kaza mwendo."

Wilhelmina alikuwa ufukweni na waigizaji wake, kila mmoja na mzigo wa bandia kichwani. Alipoinua macho akaona msururu mwingine unateremka kilimani, mizigo kichwani, mgambo na fimbo pembeni.

"Bosi," aliuliza, "hawa ni wa kwangu au wa kwako?"

"Ni wadau," Mutalemwa alijibu.

Mheshimiwa alifurahi mno kukuta ufuko umejaa. Alihutubia kwa kirefu juu ya mababu ambao katu hawakukubali kuburuzwa, na mgambo wakahimiza makofi. Kisha msafara wake ukala pilau chini ya turubai. Watazamaji na mgambo waligawiwa harufu.

Ndipo igizo likaanza. Mjerumani alifoka, wapagazi wakavumilia. Alifoka tena. Wilhelmina, aliyeigiza kiongozi wa wapagazi, akasimama katikati ya mchanga, akamtazama kwa muda mrefu, halafu akawageukia wenzake.

"Tueni," alisema.

Mizigo ikashuka kwa kishindo kimoja. Waigizaji wakapita katikati ya watazamaji, wakashika njia ya kupanda barabarani bila kuangalia nyuma.

Mama Getruda akainuka. Akakung'uta kanga yake, akajitwika beseni, akawafuata. Bodaboda nao wakainuka, kisha bibi harusi, ameshika viatu mkononi.

"Kaeni! Igizo halijaisha!" Mutalemwa alipiga kelele.

"Limeisha, baba," Mama Getruda alijibu akiwa anatembea. "Si umeona wameondoka?"

Mheshimiwa alipiga makofi akidhani ndivyo ilivyopangwa. Mutalemwa akawatuma mgambo wakawarudishe. Mgambo, ambao harufu ya pilau ilikuwa bado inawatesa, walikwenda kwa utii mkubwa na hawakuonekana tena.

Wakabaki wakubwa, viti, na ziwa. Wingu jeusi likaanza kusogea kutoka upande wa Busisi.

"Sofa langu!" Mheshimiwa alisema. "Spika zangu! Zitalowa!"

Mutalemwa akatazama kulia na kushoto kutafuta mtu wa kumwamuru. Akamkosa. Basi makatibu wakajitwika spika, wakuu wa idara wakagawana viti, na Mheshimiwa na Mutalemwa wakalishika sofa, huyu mbele, yule nyuma, wakaanza kupanda kilima kwenye tope.

Walipotokea sokoni, watu walisimama kuangalia. Wanawake wakatoka saluni na nywele nusu. Bodaboda wakapanda juu ya pikipiki zao, simu zikainuliwa, na waliokuwa nyuma wakawa wanawasukuma wa mbele. Mkolani haijawahi kujaa namna ile.

"Hawa wanaigiza nini?"

"Wajerumani, baada ya kuachwa."

"Aisee, huyo mnene ni kiboko! Angalia anavyohema utadhani kweli!"

Makofi yalilipuka. Mheshimiwa, kwa mazoea ya miaka mingi, aliinua mkono kuwapungia, na sofa likaangukia vidole vya Mutalemwa. Mutalemwa alilia kwa sauti iliyofika hadi ziwani. Wapo waliolia naye kwa kucheka.

Mama Getruda alikuwa ameshapanga dagaa wake. Alipanda juu ya kigoda aone vizuri.

"Rudieni kuanzia kule chini ufukweni!" alisema. "Wengine hatukuwepo sehemu hii ilipoanza!"

"Rudieni! Rudieni!" umati ukaitikia, ukaziba njia ya kwendea kwenye magari, ukatulia ukisubiri.