Kiti cha Nyuma cha Pikipiki ya Mjukuu Wangu

Mtaa wa Sidi Yusuf Ben Ali,
Marrakesh.
Jumatano, mwezi wa saba, joto la kukaangia mayai.

Kwa Bwana Mhariri wa jarida la Magurudumu Mawili,

Salamu zikufikie hapo ulipo, nadhani ni penye kivuli na feni. Mimi ni Lalla Hniya binti Jilali, mjane, bibi yake Zuheir. Kuandika nimejifunza uzeeni, kwenye darasa la wanawake pale msikitini, kwa hiyo ukiona herufi imepinda usicheke. Zako zimenyooka zote na bado zimetuletea balaa.

Nalalamika juu ya ukurasa wako uitwao "Mambo Kumi ya Kuipandisha Hadhi Pikipiki Yako." Zuheir ameukata kwa mkasi wangu wa ushonaji na kuubandika ukutani pale palipokuwa na picha ya marehemu babu yake. Babu sasa yuko jikoni, anatazama sufuria.

Kijana ana miaka ishirini na nne, ni fundi bomba, na kazini hana mfano. Pikipiki aliinunua baada ya Ramadhani, ikiwa kama ilivyotoka kiwandani. Ilikuwa ya heshima, Bwana Mhariri. Kiti kirefu kama godoro la wageni, keria ya chuma nyuma, vioo viwili kama masikio ya punda mwenye adabu. Nilikaa kiupande, jilaba nimeibana chini ya paja, mkono mmoja kiunoni kwake na mwingine kwenye kapu, tukaenda sokoni, tukaenda makaburini, tukaenda kwa dada yangu. Hakuna aliyetucheka.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Ijumaa ya keshokutwa tunatakiwa Ait Urir, kwa Bwana Lahsen, Si Lahsen kama tunavyomwita, mwenye kinu cha zeituni, kumposa binti yake Ghizlani. Kwetu kijana hajiposei mwenyewe kama anaagiza kahawa. Wazazi wa Zuheir wametangulia mbele ya haki. Mwenye mdomo wa kuposa ni mimi. Na mimi gari hunitapisha, teksi hunitapisha, basi ndiyo usiseme. Tangu nizaliwe nasafiri kwa punda, kwa miguu au kwa pikipiki, upepo ukinipiga usoni. Tumeshaahirisha mara mbili. Juzi Si Lahsen akapiga simu: "Lalla, mnakuja au hamji? Yule mbuzi niliyewawekea ameshaanza kunizoea." Ameniambia pia kuwa kuna watu wa Tamesluht nao wanabisha hodi, na mara ya tatu hatangoja.

Kwa nini tumeahirisha? Malalamiko yangu ni haya.

1. Kiti. Umeandika kuwa kiti cha mtu mmoja "huipa pikipiki umbo la mwendo." Zuheir akakiondoa kirefu, akaweka kitu chenye mkia uliochongoka kama nyigu. Mimi niliyemlea nikae wapi, kwenye mwiba? Keria nayo umesema "inaharibu mstari." Akaing'oa. Minara minne ya sukari ya posa, ile inayofungwa kwa karatasi ya zambarau, na hina, na tende, na maziwa, vyote hivyo tutavibeba kwenye mstari? Nilimwuliza, akanijibu, "Bibi, hiyo ndiyo staili." Mjukuu wangu ana staili. Mke hana.

Na usiniambie arudishe kiti cha zamani. Kijana ameshajuta, hilo nampa. Fundi Miludi wa Bab Khemis amesema ni boliti nne na robo saa. Lakini kiti kilipandishwa darini, na darini hakipo. Kimeibwa. Vitu vyema huibwa. Hicho cha nyigu tunakiacha nje mlango wazi na hakuna mwizi anayekitazama mara mbili.

2. Bomba la moshi. Umesema jipya "huifanya injini ipumue." Mimi napumua mwaka wa sabini na moja huu na hakuna jirani aliyeziba masikio. Kazini anakokwenda ni kule kule, anafika dakika zile zile, ila sasa mtaa mzima una habari. Batul wa mlango wa pili alinichungulia ukutani: "Hniya, mjukuu wako amerudi, au ni boila la hamamu limepasuka?" Nikamwambia ni boila. Nimeona aibu kumwambia kweli, mimi ambaye sijaona aibu mbele ya Batul tangu alipoolewa.

3. Usukani ameushusha mpaka anaendesha kifudifudi kama mtu aliyekula maharage mabichi. Mtu mzima akipita njiani husalimiwa kwa uso. Mwanangu anawasalimu kwa makalio. Haji wa duka la vikolezo ameniuliza kama tumegombana.

4. Taa za bluu chini ya injini. Sina la kusema. Zitazame mwenyewe.

5. Mavazi. Hapa, Bwana Mhariri, ndipo uliponishinda kabisa. Joto hapa limefika arobaini na sita, mbwa wamelala ndani ya chemchemi ya umma, na wewe unamwuzia kijana jaketi la ngozi nyeusi lenye manyoya ya kondoo ndani, lililoshonwa kwa watu wa barafu. Juzi alilivaa kwenda Bab Dukkala na kurudi. Nilipomvua, nilikamua.

Glavu amenunua zisizo na vidole. Naomba unieleze kwa upole: mtu akianguka, hutanguliza nini chini? Mimi nimeanguka, nakwambia hutanguliza vidole.

Helmeti amenunua, ya bei, imechorwa simba anayetapika moto. Unajua anaivalia wapi? Kiwikoni! Ananing'iniza simba kwenye kiwiko kama mwanamke na pochi. Akimwona polisi pale Bab Ghmat anaipachika kichwani. Akimpita, inarudi kiwikoni. Nilimwambia, "Zuheir, kiwiko chako hakijasoma Kurani, hakijasoma hata hesabu, kwa nini unakilinda kuliko kichwa?" Akasema, "Bibi, inaharibu nywele." Na wewe katika mambo yako kumi umeandika helmeti ichaguliwe ifanane na rangi ya tangi. Kamba ya kidevuni hukuitaja hata kwa bahati mbaya.

6. Uliyoyasahau. Mimi si mwanamke wa kulaumu bila kujua. Kipikipiki changu cha pedali nilikiendesha miaka ishirini na sita, nimefunga uso, nikipeleka hina na sabuni nyeusi kwenye hamamu nne, na polisi wote waliniita shangazi. Nilianguka mara mbili. Mara ya kwanza tairi lilikuwa kipara. Mara ya pili breki zilikuwa zimekwisha na nilijua zimekwisha, nikasema nitabadili Jumatatu, nikaanguka Jumapili. Sijawahi kuanguka kwa sababu bomba langu la moshi lilikuwa kimya.

Basi chukua kalamu, nikupe bure yale ambayo wewe unayauza. Kwanza tairi, na la mbele kabla ya la nyuma. Kisha breki. Kisha cheni, uitie mafuta kila wiki kama unavyompaka mtoto. Vioo viwili, si kimoja, na si vile vidogo vya kutazamia jino bovu. Helmeti inayobana mashavu, kamba imefungwa. Glavu zenye vidole vyote kumi. Viatu vinavyofunika kifundo. Jaketi jepesi linalopitisha hewa, lenye mto mgumu begani na kiwikoni, hapo ndipo kiwiko kina haki yake. Mwezi wa kwanza, baridi ikija, gazeti nene kifuani chini ya nguo, na hapo ndipo jarida lako lingenifaa kwa mara ya kwanza. Na kiti kirefu. Kinachobaki ni mapambo ya farasi wa sherehe, na farasi wa sherehe haendi Ait Urir.

Nimemwambia Zuheir ahesabu: katika mambo yako kumi, mangapi yatamrudisha nyumbani mzima? Alihesabu, akaishia kwenye moja, nalo lilikuwa tangazo la bima.

7. Kwa kuwa wewe ndiye uliyeniondolea kiti, naomba mambo yafuatayo, na naona ni ya haki.

Kwanza, unitafutie kiti cha kiwandani kabla ya Ijumaa, kirefu, cheusi, kisiwe na mstari wowote.

Ukishindwa, basi uje mwenyewe ukaniwakilishe. Umechukua nafasi yangu, chukua na kazi yangu. Utavaa jilaba nyeupe. Utafika kabla ya adhana ya alasiri. Utasema, "Tumekuja kwa Mungu, kisha kwenu," kwa mpangilio huo, na hutakaa mpaka uambiwe mara tatu, na utakunywa glasi tatu za chai hata kibofu kikilia. Si Lahsen akikuuliza kijana ana tabia gani, usimsimulie namna injini inavyopumua. Mwambie huamka mapema, hasemi uongo ila kuhusu nywele, na hajawahi kumpandishia bibi yake sauti, sauti zote kaipa pikipiki.

Wakikukatalia, utaleta binti yako. Kama huna, wa ndugu yako. Nitakuja kumwangalia mimi, nitumie mtu mwenye pikipiki yenye kiti.

Na ukiyakataa yote haya, basi kuanzia toleo lijalo ukurasa ule niandike mimi. Mshahara utampa Fundi Miludi, maana ndiye anayefunga upya kila mnachofungua. Nilipomgombeza kwa kumfungia mtoto takataka, alisema, "Lalla, kijana kaja na gazeti mkononi. Mimi na spana yangu nani wa kubishana na gazeti?" Unaona ulipotufikisha? Fundi wa miaka arobaini anaogopa karatasi.

Nisalimie mkeo, kama bado anakuvumilia, na watoto, na yule aliyemchora simba, na vijana wote wa chumba cha habari wanaoandika juu ya safari wakiwa wamekaa. Batul anakusalimu, ingawa hakujui, yeye husalimu kila mtu. Babu yake Zuheir naye kutoka jikoni.

Mimi niliyeachwa chini,
Lalla Hniya binti Jilali

Tanbihi: Bwana Mhariri, bahasha nilikwisha kuigundisha, nimeifungua tena kwa mvuke wa birika. Kiti hakikuibwa. Kiko chini ya kitanda changu, nimekizungushia shuka, tangu siku ile ile kilipopandishwa darini. Si Lahsen anampa mtoto kazi kinuni na vyumba viwili juu ya kinu. Posa ikikubaliwa, huku hatalala tena. Bila kiti bibi haendi, bibi asipokwenda hakuna posa. Hilo nililipanga mimi, wewe na ukurasa wako hamna akili hiyo. Wiki mbili amepindua nyumba akikitafuta, mpaka ndani ya tanuri la mikate. Jana aliniuliza kama naweza kukaa juu ya tangi nikiwekewa mto.

Leo asubuhi nimemkuta ngazini amenipa mgongo, anajifunza maneno ya posa peke yake, kwa sauti ya kizee, sauti yangu. Anayakosea yote. Anataja sukari kabla ya Mungu. Akiyasema hayo mbele ya Si Lahsen, wale wa Tamesluht watakula mbuzi wetu.

Nimekivuta kiti nje. Barua naituma hivyo hivyo kwa kuwa stempu nimeshailamba, ila usiichapishe. Yuko uani anatafuta spana ya kumi na tatu, anaimba, hajaniuliza hata kilikuwa wapi.