Siku Kanisa Lilipoombea Injini ya Baba

Ndugu zangu wa kikundi hiki, leo aibu imenikuta nimevaa suti. Tena suti ya kuazima (mikono mifupi, lakini hilo ni dogo).

Leo dada yangu Solange ameolewa hapa Bunia. Baba yetu, aliyebeba abiria kati ya Bunia na Iga Barrière mpaka nywele zikawa nyeupe, alikuwa akisema kila siku kwamba Solange ataingia kanisani kwa gari lake, si kwa gari la watu. Baba hayupo tena, huu ni mwaka wa pili. Gari lipo. Kwa hiyo nilimwahidi mama kwamba nitamfikisha mimi. Upande wa bwana harusi walitoa jeep mpya inayong'aa. Nikaikataa kwa maringo.

Asubuhi nikaanza kulipamba. Mbele lilikuwa baya kweli, meno yake ya plastiki yalishaanguka zamani na radiata ilibaki wazi. Nikachukua satini nyeupe niliyonunua sokoni, nikaifunga kutoka taa hadi taa. Ikawa inabonyea katikati. Nikaweka katoni nyuma yake, nikakaza kwa waya, nikapachika maua. Nikarudi nyuma hatua kumi kutazama. Nusura nilie.

Tukaondoka mtaa wa Lumumba saa mbili na nusu, polepole kama msafara wa harusi unavyotakiwa, pikipiki mbele zikipiga honi. Sasa, ugonjwa wangu mnaujua. Nikishika usukani, roho yangu inatoka kutembea. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye mikaratusi. Kwenye kioo niliona gauni la Solange limejaa kiti chote cha nyuma, na mwanga umelikalia. Halafu nikamwona baba ameketi kando yangu, mkono dirishani, akiimba taratibu ule wimbo wa kwaya ambao hakuwahi kuyajua maneno yake. Niliendesha hivyo sijui kwa muda gani, na furaha niliyokuwa nayo sijaisikia tangu tumzike. Mshale wa joto ulikuwa umepanda mpaka kwenye nyekundu. Mimi nilikuwa naimba na marehemu.

Mvuke ndio ulioniamsha. Gari likakohoa, nikalisogeza kando, nikafungua boneti na kuoga uso bila maji.

Hapo ndipo nilipoanza kujiumbua kwa bidii. Niliwahi kukaa garaji miezi mitatu (kupiga stori, si kutengeneza), na neno moja kubwa nilitoka nalo. Nikawatangazia wote waliokusanyika kwamba ni joint ya culasse, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya kichwa cha injini na mwili wake. Nikasema imeungua, maji yameingia kwenye mafuta, na gari hili leo haliendi tena. Nikampigia baba mdogo, aliyekuwa kanisani, nikamweleza vilevile kwa sauti ya msiba. Baadaye nilikuja kujua kwamba yeye alimwambia pasta, pasta akasimamisha kanisa zima, na watu wakainua mikono kuombea joint ya culasse.

Jeep ikaletwa. Dereva wake akamfungulia Solange mlango. Nilishindwa hata kutazama. Niliona ni kama ninamzika baba mara ya pili, tena mimi ndiye niliyeshika chepe.

Solange akashuka, akaipita jeep, akaja kwenye injini na shela yake yote. Nilikuwa nimesahau ni nani aliyekuwa akimshikia baba tochi miaka yote ile (mimi nilikuwa ndani, naota). Akangoja injini ipungue moto. Akafungua kifuniko cha mafuta, akachovya kidole pamoja na glavu yake nyeupe, akakitazama, kisha akaniita yaya, yaani kaka, kama kawaida yake.

"Yaya, mafuta iko nyeusi tu. Kama maji iliingia, ingekuwa nyeupe sawa maziwa. Culasse iko muzima."

Injini ilipopoa kabisa akaomba bidon ya maji, akajaza radiata, akaniambia niwashe. Akainama kuangalia kama mapovu yanapanda. Hakuna hata moja. Akaenda mbele ya gari, akaitazama satini kutoka taa hadi taa.

"Gari iko napumulia wapi, yaya?"

Sikuelewa. Akaishika satini akaivuta, ikatoka na katoni yake na maua yake. Katoni ilikuwa na joto kama mkate wa asubuhi. Watu wote wakaelewa kabla yangu. Mama mmoja muuza ndizi alikaa chini kabisa ili acheke vizuri. Dereva wa jeep aliingia garini, akafunga vioo, akacheka humo kwa adabu.

Tukaendelea na safari, gari wazi mbele, bila meno, mshale umetulia katikati. Solange alihamia kiti cha mbele ili auangalie yeye mwenyewe. Tulipofika kanisani watu walilipuka kwa vigelegele. Nikadhani ni vya bibi harusi.

Kumbe vilikuwa vya injini. Baada ya pete, pasta alisema Mungu amefufua gari la marehemu, na kaka wa bibi harusi aje mbele kutoa ushuhuda. Wakanipa maikrofoni.

Ndugu zangu, nilifikiria kusema haleluya na kurudi kukaa. Nani angejua? Lakini mama alikuwa kwenye benchi la kwanza, machozi yanamtoka, anaamini mbingu zimemkumbuka mume wake. Sikuweza kuyachukua machozi yale kwa ajili ya katoni.

"Kanisa, culasse haikukufa. Ni miye nilifunika radiateur na satini."

Kisha mama akaanza kucheka. Mama yetu, ambaye tangu msiba alikuwa akitabasamu kwa heshima tu, alicheka mpaka wakamshika mabega. Kanisa zima likamfuata.

Pasta akachukua maikrofoni yake, akasema sala haikupotea, muujiza bado upo: mtu kama huyu alipewa permis ya kuendesha gari. Kanisa lote likaitika amina, na mama ndiye aliyeitika kwa sauti kuliko wote.